Mfupa Kooni mwa Prinsi

Dodoma, 4 Desemba 1911

Kwa dada yangu Mwanne binti Idi, aliyenilea kabla sijajua kujifuta kamasi,

Shikamoo, dada. Nakuamkia wewe, na shemeji Hasani, na mama mkwe wako, na majirani wote wanaoniulizia na hata wasioniulizia. Kuluthumu mbusu shavuni, umwambie mjomba anakuja. Mimi mzima. Dodoma imekuwa mji tangu gari la moshi lifike: Wahindi wamejenga maduka ya mabati, maji bado ya kugombania, vumbi ndilo halina mwenyewe. Kazi yangu ile ile, msaidizi wa daktari wa wanyama. Wagogo wameniita Bwana Sindano. Ukicheka nitajua.

Sasa jambo lenyewe. Uliniandikia kwamba nguruwe wamemaliza mahindi yenu miaka miwili mfululizo, na kwamba shemeji anashinda shambani akipiga debe mpaka mikono inamfa ganzi. Nimewapatia dawa. Yahaya mchuuzi wa chumvi anakuja huko na msafara wake, na pamoja naye anakuja mbwa. Usikunje uso. Najua mate yake ni najisi, nami nilisoma chuo kile kile. Lakini mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa, muulizeni mwalimu yeyote. Akikulamba, osha mara saba, moja kwa udongo, yaishe.

Jina lake Prinsi. Alikuwa wa Mzungu wa reli aliyerudi kwao. Ni mkubwa, mweusi, mwenye akili kuliko makarani wawili ninaowajua. Sikio la kushoto lina kovu: aligombana na mbwa mmoja wa mtaani huku. Limepona, lisiwatie shaka.

Mbwa ni kama mtoto asiyesema, lazima mjue kumtazama. Pua kavu siku mbili, ana homa. Ufizi ukiwa mweupe, ana minyoo au kupe wamemfyonza. Kupe msimvute kwa nguvu, kichwa hubaki ndani pakaoza. Mpakeni mafuta, ajiachie. Akijikuna mpaka manyoya yanatoka ni ukurutu, mwogesheni maji ya tumbaku, kidogo, yakizidi yatamuua. Na mifupa ya kuku msimpe. Akikohoa, mdomo ukawa wazi na mate yanamtoka, hawezi kumeza, basi ni mfupa umekwama. Mmoja ashike taya, mwingine mwenye mkono mdogo aingize vidole mpaka kooni autoe. Msiogope. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi.

Shemeji akila mahindi msimu huu ajue ni ya nani.

Mdogo wako, Abbasi

*

Kondoa, 9 Januari 1912

Kwa Bwana Sindano,

Marahaba, mdogo wangu. Nimecheka. Sisi wazima. Kuluthumu ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kusema na wageni. Mvua nzuri, mto Bubu umejaa, watu wa ng'ambo wanapigiana kelele badala ya kuvuka.

Mbwa wako alifika. Mama mkwe alimwona akaingia ndani, akatoka na majivu, akachora mstari mbele ya mlango. Akasema mbwa akiuvuka, yeye anahamia kwa mwanawe wa pili. Prinsi akautazama mstari, akalala upande wake. Tangu siku hiyo hajauvuka. Lakini juzi nilimwona mama mkwe akimtupia ukoko.

Hasani ndiye aliyepotea kabisa. Anamtengea ugali kabla hajala yeye. Wanakwenda shambani pamoja, wanarudi pamoja, na mahindi yamefika magotini bila kuguswa. Nguruwe wawili wamekufa, wa tatu alikimbia akilia. Mume wangu hajacheka hivi tangu mwaka wa njaa. Kwa hilo, Abbasi, Mungu akulipe.

Maagizo yako nimeyasoma mbele ya Hasani mara nne, mpaka ameyashika kama sura ya Kurani. Kupe tunapaka mafuta. Ufizi tunautazama kila Ijumaa, mwekundu.

Nina swali moja. Yahaya anasema ulimkabidhi mbwa porini, nje ya mji, umemfunika gunia, ukamwambia asipite naye karibu na boma. Kwa nini?

Dada yako, Mwanne

*

Dodoma, 29 Januari 1912

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu, habari ya majivu hasa. Mpe pole Kuluthumu, mwambie mjomba ana meno ya akiba. Mimi nilishikwa na homa siku nne, sasa nimepona. Nyama imekuwa adimu sokoni, na mwenye nyumba wangu ameoa mke wa tatu, hakuna utulivu.

Kazi imebadilika kidogo. Boma limetoa amri juu ya mbwa, mambo yao ya Wazungu, nasi tunazunguka na askari mpaka Msalato. Kuna mzee mmoja huko, Sila, mfugaji, Mkristo. Alikuwa na mbwa wanne wa kuchungia. Hakungoja tuwafuate. Aliwaleta mwenyewe kwa kamba, akasimama mpaka wa mwisho, akakunja kamba zake akaenda nazo. Heri angetukana.

Prinsi hajambo? Anakunywa maji vizuri? Sauti yake ni ile ile? Hajamrukia mtu? Nauliza tu, ndiyo desturi ya kazi yetu. Naona heri mmfunge kamba mpaka masika yaishe, kwa sababu kupe wa masika ni wabaya. Mkimfunga mtaniridhisha moyo.

Mimi, Abbasi

*

Kondoa, 27 Februari 1912

Kwa mdogo wangu Abbasi,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila mama mkwe anaumwa mgongo. Barua yako ilikaa wiki nzima ng'ambo ya Bubu, tarishi akingoja maji yapungue. Ilipofika tulimfunga Prinsi kama ulivyotaka. Hasani alimfunga siku tatu. Siku ya nne nguruwe wakaingia kwenye mahindi, akamfungua, akasema kupe si kitu, kupe tunawapaka mafuta.

Sasa nakupa habari mbaya. Prinsi amekufa.

Ilianza Jumapili ya wiki iliyopita. Alimlambalamba Hasani kupita kiasi, akimfuata mpaka chooni. Kesho yake akajificha chini ya ghala, akitafuna vijiti na udongo. Jumanne sauti yake haikuwa yake, imekwaruza kama ya jogoo mgonjwa. Jumatano mdomo ukawa wazi, taya limelegea, mate yananing'inia. Maji aliyatazama tu, hakuweza kuyameza. Hasani akasema, "Abbasi aliandika haya. Huu ni mfupa."

Nikaenda kuitoa barua yako sandukuni, nikaisoma tena ili tusikosee. Hasani akashika taya. Mkono mdogo ni wangu, basi niliingiza mimi, vidole mpaka kooni, na Mungu anajua nilivyojikaza. Sikukuta mfupa. Hasani akaniambia niondoke, atajaribu yeye. Akatafuta mpaka jino likamkwaruza kiganjani. Mbwa hakumng'ata, Abbasi, usimdhanie vibaya. Hakuwa na nguvu hata ya kufunga mdomo.

Mimi nilikwenda mtoni nikaosha mkono mara saba, moja kwa udongo, nikarudia tena saba kwa kinyaa. Hasani alijipangusa kwa majani. Kelele za nyani zilitoka shambani, akakimbia. Alisema atatawadha vizuri wakati wa sala.

Ijumaa asubuhi tulimkuta Prinsi amekufa. Hasani alimchimbia shimo refu, na alilia, nami sikumcheka. Tuambie mfupa ule ulikuwa wapi, maana mume wangu anajilaumu kwamba hakuingiza mkono vya kutosha.

Dada yako, Mwanne

*

Dodoma, 14 Machi 1912

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Nakuamkia, namwamkia shemeji, namwamkia mama mkwe na mgongo wake. Apakwe mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto. Hapa mvua ni haba mwaka huu. Mtama wa Wagogo umekauka ukiwa mchanga. Gari la moshi lilichelewa siku mbili kwa sababu daraja liliharibika. Bei ya unga imepanda. Mwenye nyumba wangu amemwacha mke wa tatu.

Habari ya Prinsi imenihuzunisha. Mbwa hufa, ndiyo hali yao. Shemeji asijilaumu.

Mkwaruzo wake umepona? Hata kama umepona, aende kwa mganga wa boma la Kondoa amtazame, si lazima aeleze mengi, aseme tu ameumia mkono. Na wewe mkono wako ulikuwa na kidonda chochote siku ile, hata cha kisu? Niandikie upesi. Kuluthumu hakumgusa mbwa? Waliomgusa wote waoge vizuri. Nguo alizovaa Hasani zichomwe, nitamletea nyingine.

Daktari ananiita. Nitaandika zaidi.

Abbasi

*

Kondoa, 5 Mei 1912

Kwa Abbasi bin Idi,

Amani iwe juu yako. Kuluthumu mzima. Mama mkwe yu hai.

Mume wangu Hasani alifariki Jumapili, tarehe ishirini na moja ya Aprili kwa hesabu yenu ya ofisini. Nimekaa eda. Nakuandikia kutoka kitandani, nimejifunika.

Kwa mganga wa boma hakwenda. Mkwaruzo ulikuwa umepona, na wewe ulisema aseme ameumia mkono, akaniuliza, "Niende kuonyesha mkono mzima?" Tulikuwa tunavuna. Jumatano akasema kiganja kinamwasha, palepale, ndani kwa ndani. Alhamisi akawa na homa, akawa anashtuka mlango ukifunguliwa. Ijumaa nilimpelekea maji ya kutawadha. Alipotia mkono kwenye kata koo likamkaba, mwili wote ukaruka, kata ikaanguka. Akanitazama kama mtu aliyefanya jambo la aibu. Akasema, "Mwanne, nina kiu, lakini siyawezi."

Aliswali kwa kutayamamu, kwa mchanga. Tulijaribu kumnywesha kwa kitambaa. Tulijaribu kwa unyoya. Upepo tu ukimpitia usoni alikuwa anakabwa. Jumamosi hakunijua, kisha alinijua, kisha akaomba tumfunge kwa kamba asije akamuumiza mtoto. Shemeji zangu walimfunga. Mume wangu, Abbasi, aliyekuwa haui hata nyoka bila kusema bismillahi, alifungwa kwenye nguzo ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, akawa anatushukuru.

Mganga wa boma alikuja siku ile ya mwisho. Alisimama mlangoni, hakuingia. Aliuliza swali moja: mbwa alitoka wapi? Nikajibu kwamba alijileta mwenyewe. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani ulimi wangu ulikujua kabla yangu.

Sasa nakuuliza mimi. Mbwa aliyelirarua sikio la Prinsi alikuwa mbwa gani, na alikufaje? Nijibu hilo tu. Usinitajie mvua, wala mwenye nyumba wako.

Mwanne

*

Dodoma, 24 Mei 1912

Dada,

Isome peke yako, kisha uichome.

Mbwa yule alikuwa na kichaa. Mwezi wa Novemba alizuka mtaa wa reli, akawang'ata mbwa saba na punda mmoja, mpaka askari akampiga risasi. Daktari alimpasua mbele yangu akaniambia ni kichaa, na amri ikatoka siku hiyo hiyo: mbwa wote walioumwa wauawe. Niliyekabidhiwa kuwaua ni mimi. Niliua sita. Wa saba alikuwa Prinsi.

Sitakudanganya kwamba niliona huruma tu. Huruma ilikuwepo, alikuwa amezoea kunipa mguu wake nikirudi kazini. Lakini nilikuwa pia na barua yako mfukoni. Nikaona nitampa shemeji mbwa ambaye hapo Kondoa hajaonekana, mseme Abbasi ametukumbuka. Sikio lilipona kwa siku kumi. Nikajiambia kidonda kilichopona kimepona. Nimefanya kazi kwa daktari miaka mitatu, najua si kweli, lakini nilijiambia. Nikaandika kwenye daftari kwamba nimeua saba.

Mwezi wa Januari mmoja wa mbwa walioumwa bila sisi kujua alipata kichaa huko Msalato. Ndipo wakafa mbwa wa mzee Sila na wengine wengi. Ndipo nikakuandikia kwamba mmfunge. Nilitaka kuandika sababu. Nilishika kalamu, nikaona viboko hamsa ishirini, nikaona mnyororo shingoni, nikaona kazi imekwenda, nikaandika kupe.

Na la mfupa. Daktari alinifundisha zamani kwamba mbwa mwenye kichaa hulegea taya, mate yakamtoka, na mwenyewe akadhani ana mfupa kooni, akaingiza mkono. Aliniambia watu wengi wamekufa hivyo. Nilijua kwamba mambo hayo mawili hufanana, nikakuandikia moja. Ningeandika la pili ungeuliza kwa nini nakutajia kichaa.

Barua yako ya Februari ilipofika nilielewa kabla sijafika nusu. Nikamuuliza daktari kama ni habari ya mtu mwingine. Alisema mtu akishaanza kuogopa maji hakuna dawa duniani. Akasema pia sindano za kumkinga mtu mapema ziko mbali, wala hajui kama zingefika. Kwa hiyo nilijiambia kwamba hata nikisema haisaidii. Hilo nalo nilijiambia.

Alisema wewe, kwa kuwa uliosha mara nyingi na kwa maji mengi na ngozi haikuchanika, huenda umesalimika. Dada, niandikie neno moja kwamba unakunywa maji. Niko tayari kuja nipige magoti mbele ya mama mkwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha, kikamuumbua mwingine.

Abbasi

*

Kondoa, 3 Juni 1912

Abbasi,

Nakunywa maji. Kila asubuhi nachota kata nzima, nainywa mpaka mwisho huku nikisikiliza koo langu. Kuluthumu ananitazama na hajui natazamia nini. Hilo ndilo neno ulilotaka, umelipata.

Umeniambia niisome peke yangu. Yahaya aliileta siku ya arobaini. Uani palikuwa pamejaa: ndugu zake Hasani, mwalimu, wazee wa mtaa, wanawake wamekaa nami ndani ya pazia. Hitima imekwisha, sinia zinapita. Yahaya, kwa wema wake, akainua barua juu akasema, "Hii ya shemeji yake marehemu, toka Dodoma. Isomwe, sote tusikie." Mwalimu akanyoosha mkono aipokee. Nikasema kutoka ndani kwamba mwandiko wako ni mbaya, nauweza mimi peke yangu. Wakacheka kidogo. Barua ikapitishwa chini ya pazia.

Niliifungua nikaiona yote kwa mara moja. Nikaanza kusoma kwa sauti.

Nilisoma salamu ambazo hukuandika. Nilimsalimu mama mkwe kwa niaba yako, nikauliza mgongo wake. Nilisoma kwamba umelia siku saba na kwamba umemwomba daktari ruhusa uje, akakunyima. Nilisoma kwamba mnyama unayedhani alimng'ata Prinsi huku Kondoa ungependa kujua alitoka pori gani. Macho yangu yalikuwa kwenye neno saba, pale uliposema uliandika kwenye daftari, na mdomo wangu ulikuwa ukisema kwamba Hasani alikuwa kwako zaidi ya ndugu. Sikusita hata mara moja. Baba angenisifu kwa kusoma.

Yahaya alishusha tonge. Anajua habari ya gunia. Alitazama upande wa pazia, kisha akainama kula, na nadhani hatakuja tena nyumbani kwetu.

Sikufanya hivi kwa kukupenda. Shemeji zangu wana mikuki, na wewe ni mtoto wa mama yangu. Wakikuua, Kuluthumu atakua kati ya damu mbili. Basi nimekuficha, kama ulivyomficha mbwa. Barua nimeichoma. Usije, si wakati wa eda wala baada yake. Usinitumie nguo, wala dawa, wala maagizo ya kutunza kitu chochote chenye uhai.

Nilipomaliza kusoma mama mkwe alikuwa analia. Alisema huko mbali tuna mtu mwenye imani. Akainua mikono yake, akakuombea dua kwa jina lako na jina la baba, akakuombea afya, na kazi yenye baraka, na umri mrefu. Uani kote wakaitikia amina. Nami niliitikia, kwa sababu walikuwa wananisikiliza.

Mwanne binti Idi